Tuulize Kwanza: Mzigo Anaouleta Mtoto wa Mgodini Darasani

Mwaka jana kamati yetu ilifuta jina la mtoto katika daftari la madrasa. Tulilifuta kwa kufuata utaratibu wote. Ustadh alileta malalamiko, katibu akaandika barua ya kwanza kwa mzazi, kisha ya pili, na zote mbili hazikujibiwa. Mtoto mwenyewe, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa akifika baada ya sala ya Alasiri na kusinzia juu ya juzuu kabla somo halijafika nusu. Alionywa, akachapwa, akasimamishwa mlangoni. Shuleni nako tuliambiwa kuwa ni mtoro sugu. Tukaona kwamba wajibu wetu tumeutimiza, tukapiga mstari juu ya jina lake.

Miezi miwili baadaye, mama mmoja auzaye uji karibu na mialo ya kuoshea dhahabu alibaki nyuma baada ya darsa la akina mama, akatuuliza kosa la yule mtoto tuliyemfukuza. Ndipo tulipojua habari yake. Baba alikuwa ameondoka kufuata rashi, kama wachimbaji waitavyo mkusanyiko wa ghafla mahali dhahabu inapoonekana, na kwa miezi kadhaa hakuwa ametuma chochote. Mama alikuwa kitandani, mgonjwa. Mtoto alikuwa akiosha marudio usiku, yaani ule mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, na ujira wake ndio ulionunua unga wa nyumba nzima. Barua zetu zilikuwa chini ya godoro. Mama hakujua kusoma, na mtoto, aliyejua, hakutaka kumsomea.

Tulimuuliza kwa nini hakutueleza. Alijibu kwamba alidhani tunajua, kwa kuwa kila jioni alikuwa akipita mbele ya msikiti na karai kichwani.

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tulikuwa tukimwona kila siku, na hatukuwa tumemuuliza hata siku moja.

Ukanda wa dhahabu na watoto wake

Ukanda huu wetu, tangu Shinyanga na Kahama hadi Geita, hutajwa zaidi kwa migodi yake mikubwa: mgodi wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ulioanza mwaka 2001, na Buzwagi, pembezoni mwa mji wa Kahama, ulioanza mwaka 2009 na kufikia kikomo chake mwaka 2021. Lakini watoto wengi tunaowafundisha wanatoka katika maisha ya uchimbaji mdogo, yale ya maduara, makarasha na mialo, kama yanavyoonekana Nyarugusu, Rwamgasa, Mwakitolyo na sehemu nyingine nyingi.

Maisha hayo yana desturi zake. Riziki huja kwa kishindo na kuondoka kimya. Wiki hii nyumba inakula nyama kila siku, wiki ijayo mtoto anakwenda shule bila kunywa hata uji. Duara likikauka, baba anafunga mzigo na kwenda kwingine. Mara nyingine familia nzima humfuata, na mtoto anabadilisha shule mara mbili au tatu kabla ya kumaliza darasa la saba. Kila anakofika yeye ni mgeni, na mwalimu mwenye darasa la watoto wengi kupita kiasi hapati nafasi ya kumjua. Mara nyingine baba huondoka peke yake, na habari zake zikawa ni za kusikia kwa watu.

Mwezi Agosti 2013 shirika la kimataifa la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika uchimbaji mdogo wa dhahabu nchini mwetu. Watafiti wake walifika katika maeneo 11 ya uchimbaji katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakazungumza na zaidi ya watu 200, miongoni mwao watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi katika uchimbaji huo. Waliwakuta watoto wanaoshuka mashimoni, wanaobeba viroba vya mawe, na wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu. Haya yote yanatendeka ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaihesabu kazi ya migodini kuwa ni kazi ya hatari, isiyoruhusiwa kwa mtoto.

Ni wajibu tuzingatie hilo la zebaki. Moshi wake, pale dhahabu inapochomwa, huingia mwilini na kudhuru mfumo wa fahamu, na mtoto hudhurika zaidi kuliko mtu mzima. Miongoni mwa dalili zake ni mikono kutetemeka na kumbukumbu kudhoofika. Basi mtoto ambaye jana alihifadhi sura na leo haikumbuki, au ambaye mwandiko wake umeharibika ghafla, huenda si mzembe hata kidogo. Tumewaadhibu wangapi kwa maradhi yao?

Mzigo usioonekana

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzigo wa mtoto wa migodini una sehemu inayoonekana, kama karai na kiroba, na una sehemu isiyoonekana, nayo ndiyo inayomwelemea darasani.

Yupo mwenye hofu. Amesikia duara likiporomoka na akaona watu wakikimbia kwa majembe. Yupo aliyekua akisikia habari za vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi katika mkoa wa Shinyanga na mikoa jirani. Na wapo ndugu zetu watoto wenye ualbino, ambao katika miaka ya 2000 na baada yake walisakwa kama wanyama na watu walioaminishwa na waganga kwamba viungo vyao huleta utajiri, ukiwamo utajiri wa migodini. Watoto wengi wa aina hiyo walipelekwa Buhangija, Shinyanga, ili wanusurike. Uzio uliwahifadhi miili, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mtoto aliyelazimika kutengana na mama yake ili aishi ana jeraha ambalo uzio hauliponyi.

Yupo mwenye aibu, ambaye hataki wenzake wajue kwamba nyumbani hakuna kitu. Yupo anayepigwa, au anayeshuhudia mama yake akipigwa. Na yupo binti anayepewa chipsi na nauli ya bodaboda na kijana mwenye fedha ya duara, kisha anadaiwa malipo asiyothubutu kuyataja. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufikia umri wa miaka 18. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Hesabu hizo ni za nchi nzima, na hatuna sababu ya kudhani kwamba safu za nyuma za madrasa zetu zimeepushwa nazo.

Tatizo ni kwamba mtoto hasemi mambo haya kwa ulimi. Huyasema kwa kusinzia, kwa kupigana, kwa kuiba kalamu ya mwenzake, kwa kunyamaza, au kwa kutofika. Sisi watu wazima tumezoea kuiadhibu lugha hiyo badala ya kuifasiri.

Bakora kabla ya swali

Hatukusudii kuwashambulia walimu. Wengi wao wanafanya kazi katika mazingira magumu, nao pia wana mizigo yao. Wala hatusemi kwamba mtoto aachwe bila adabu. Tunasema kwamba kuna mpangilio, na sisi tumeupindua.

Kanuni za nchi zinazohusu adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 2002, zinaiwekea mipaka adhabu hiyo: isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe katika kitabu maalumu. Kanuni hizo hazikuandikwa kwa ajili ya madrasa, ambako mara nyingi hakuna hesabu ya viboko wala kitabu cha kuandikia. Na hata palipo na kanuni, mipaka huvukwa. Mwezi Agosti 2018, katika mkoa jirani wa Kagera, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kuchapwa kwa tuhuma ya wizi. Baada ya hapo hakuna swali lolote lililoweza kumfaa.

Katika kikao chetu mzee mmoja aliuliza swali la haki: je, si Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliyetuelekeza kuwapiga watoto kwa ajili ya sala wafikapo miaka kumi? Tulimjibu kwa heshima kwamba hadithi hiyo inaanza na miaka saba. Kati ya saba na kumi ni miaka mitatu ya kuamrisha kwa maneno, na kwa sala tano kila siku, hiyo ni zaidi ya mara 5,000 ya kumwita mtoto, kumfundisha na kumshika mkono kabla ya fimbo kutajwa. Kisha wanachuoni wakaweka masharti: asipigwe usoni, asijeruhiwe, na lengo liwe ni kuadabisha, lisiwe kupoza hasira ya mpigaji. Nani kati yetu amemwita mtoto mara 5,000? Yule wa kwetu tulimwita mara mbili, kwa barua, na barua zenyewe hazikuwa zake.

Wapo pia wanaotumia methali ya samaki mkunje angali mbichi kuwa ni hoja ya bakora. Lakini kila apikaye samaki anajua kwamba samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, taratibu. Ukitumia nguvu, atakatika.

Ndege wa Abu Umayr

Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake kwa mama, aliyeitwa Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliitembelea nyumba yao, akamkuta mtoto ana huzuni. Akauliza ana nini. Akaambiwa kwamba ndege wake amekufa. Basi Mtume (s.a.w.) akamwelekea mtoto, akamwita kwa jina lake la heshima, na akamuuliza habari za ndege wake kwa maneno ya upole yenye mizani ya kumfurahisha.

Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliiandikia risala maalumu na kutoa ndani yake faida 60. Sisi hapa tunachukua tatu tu. Ya kwanza ni kwamba Mtume (s.a.w.), pamoja na mzigo wa umma mzima, aliutambua uso wa mtoto uliobadilika. Ya pili ni kwamba aliuliza kabla ya kusema lolote. Ya tatu ni kwamba hakuidharau sababu. Kwa mtu mzima, kufa kwa ndege ni jambo dogo. Kwa Abu Umayr lilikuwa ni msiba, na Mtume (s.a.w.) aliupokea kama msiba.

Anas mwenyewe, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, amesimulia kwamba katika muda wote huo hakuwahi kukemewa kwa alilolifanya wala kwa aliloliacha. Na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alirefusha sijda, na watu nyuma yake wakasubiri, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni naye hakutaka kumharakisha. Ikiwa sala ya jamaa ilimsubiri mtoto, basi somo la madrasa haliwezi kushindwa kumsubiri kwa dakika tano.

Tuliyoyabadilisha

Baada ya tukio lile tulikaa na maustadh, na akina mama wawili wanaoendesha darsa, na mwalimu mmoja Mwislamu wa shule ya msingi jirani. Tuliyokubaliana ni machache, na tunayaeleza hapa ili kamati nyingine ziyapime.

Kwanza, hakuna mtoto anayeadhibiwa wala kufutwa kabla ya kuulizwa, faragha na kwa upole, na kabla ya mtu kufika nyumbani kwao kwa miguu. Barua haitoshi. Katika daftari la mahudhurio tumeongeza safu moja ya kuandika sababu. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo, mmoja wetu anakwenda.

Pili, maswali yamebadilika. Tulikuwa tukiuliza, "Kwa nini umechelewa?" Sasa tunauliza, "Umekula? Umelala wapi? Nani yuko nyumbani?" Mtoto hujibu kwa urahisi zaidi swali lisilokuwa na fimbo ndani yake.

Tatu, tumeweka mipaka ya kumlinda mtoto na kumlinda anayemsikiliza. Mazungumzo hufanyika barazani, mahali panapoonekana na watu ingawa hawasikii. Binti husikilizwa na ustadhat. Na hatumwahidi mtoto siri tusiyoweza kuitunza. Tunamwambia kwamba, ikiwa kuna anayemdhuru, tutalazimika kumweleza mtu wa kumsaidia.

Nne, jambo la ukatili wa kijinsia halimalizwi msikitini wala kinyumbani. Tunakiri kwamba huko nyuma wazee walikalishwa mkekani na mambo ya namna hiyo yakafunikwa ili kuhifadhi heshima za familia, na aliyelipa gharama ya heshima hiyo ni mtoto. Sasa jambo hilo linapelekwa kwa Ofisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Mtoto mwenyewe, au jirani, anaweza pia kupiga namba 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo. Na kila mzazi ajue kwamba, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi au kumpa ujauzito ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani kwa miaka 30. Binti aliyekwisha kuharibikiwa naye hajafungiwa mlango: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, kurudi darasani.

Tano, tumekumbuka kwamba tayari tunaingia shuleni. Kila wiki maustadh wetu huingia katika shule za Serikali kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kipindi hicho hatukukitumia ipasavyo. Sasa tumewaomba wafanye jambo moja zaidi: wamfahamu mwalimu wa malezi na unasihi wa shule hiyo kwa jina, na wawe wakibadilishana naye habari za mtoto aliyebadilika. Mwalimu anamwona mtoto asubuhi, ustadh anamwona jioni. Wasipozungumza, kila mmoja atamhukumu kwa nusu ya siku yake.

Sita, tumetenga sehemu ndogo ya sadaka ya Ijumaa kwa ajili ya unga na sare. Ni kidogo mno. Hatuwezi kuuondoa ufukara wa ukanda mzima, lakini kumwambia mtoto mwenye njaa maneno mazuri bila ya kumpa chakula ni namna nyingine ya kutomsikiliza.

Kwa baba aliyeko duarani

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Tunajua kwamba wengi mmeondoka kwa ajili ya familia zenu, si kwa kuzikimbia. Lakini mtoto hawezi kulitofautisha hilo iwapo hasikii sauti yako. Nabii Yakub (a.s.) alikuwa na watoto wengi na majukumu mazito, na bado Yusuf (a.s.) alipoota ndoto alijua ni kwa nani aipeleke, na baba alimsikiliza mpaka mwisho. Piga simu. Usizungumze na mama tu kuhusu fedha. Mwombe mtoto aongee nawe, muulize jina la mwalimu wake na jina la rafiki yake. Na kama huna cha kutuma mwezi huu, sema huna. Mtoto hustahimili kukosa kuliko anavyostahimili kutojua.

Ama yule mtoto wetu, mama yake alipelekwa hospitali na sasa, alhamdulillah, anasimama. Mjomba wake amekuja kukaa nao. Mtoto amerudi shuleni na madrasa, ingawa haikuwa mara moja. Aliwahi kutoweka tena kwa wiki mbili, tukamfuata mialoni, akarudi. Baba bado hajapatikana. Siku nyingine mtoto bado husinzia, na ustadh humwacha kwa robo saa, kisha humwamsha kwa maji ya udhu. Jina lake tumeliandika upya chini ya orodha. Lile la kwanza, lenye mstari juu yake, tumeliacha lilivyo, ili kila atakayelishika daftari hilo baada yetu aulize kisa chake.

Tunamwomba Allah (s.w.) atusamehe kwa wale ambao hatukuwauliza, na atujaalie kuwa ni wenye kuwahurumia wadogo wetu. Wabillahi tawfiq.